Kidole cha Shangazi, Mexico

Shangazi yangu wa Msambweni alikubali kwenda Mexico kwa masharti mawili: asivalishwe kaptula wala asiingizwe baharini. "Bahari yetu naijua na wenyewe nawajua," alisema. "Ya huko sijui ya nani." Mexico haimdai viza mtu mwenye viza halali ya Marekani, na yeye alikuwa nayo tayari kwa kuwa amekuja kututembelea Houston. Tukamkatia tiketi haraka kabla hajaongeza sharti la tatu.

Tukafikia Isla Mujeres, kisiwa chembamba cha kilomita saba hivi, unavuka kwa boti kutoka Cancún. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na rafiki yetu wa Bukavu na familia yake. Siku hiyo tulikaa Playa Norte chini ya banda la makuti, tukaagiza samaki mzima, kapasuliwa, kapakwa bixa, zile mbegu nyekundu za kutia rangi chakula, iliyochanganywa na maji ya machungwa machungu, kachomwa juu ya jani la mgomba. Shangazi akalamba kidole.

"Hii si bixa hii? Sisi Kwale twaivuna tukauza, hata hatujui yaenda wapi. Kumbe wezi ndio hawa!"

Nilimwambia mmea wenyewe asili yake ni huku Amerika. Alikataa katakata, akaongeza samaki.

Akashiba, akajinyoosha kwenye kiti cha kulalia, akajifunika leso hadi usoni. Nje ilibaki miguu. Shangazi hapaki rangi ya kucha kwa sababu ya udhu. Yeye ni hina tu, na hiyo alikuwa ameilalia nayo usiku mzima kabla ya safari. Kucha zilikuwa zimeiva wekundu wa kutamanisha.

Mwenye kutamani alikuwa chini ya kiti.

Isla Mujeres iguana ni wengi kuliko paka wa Mombasa. Kwetu ungemwita kenge ukapita zako, ila huyu ana rangi ya kijivu cheusi na mkia wa miiba, na apendacho hasa ni majani, maua na matunda. Alitoka taratibu, akainua kichwa, akautoa ulimi, akakigusa kidole gumba.

"Nyanya," mwanangu mdogo akasema, "mjusi anakuonja."

"Mpe maji," Nyanya akajibu kutoka ndani ya leso.

Ndipo akang'atwa.

Ukelele ule sijawahi kuusikia hata msibani. Mguu uliruka, meza ikaenda, nusu ya samaki ikatua kifuani kwa mume wangu, na juisi ya rosela ikawaogesha watoto. Mijusi wa aina hiyo wamewahi kupimwa wakikimbia karibu kilomita 35 kwa saa. Huyu hakukimbia popote. Alibaki pale akitazama. Aliyekimbia ni mama ambaye asubuhi ilibidi tushirikiane watu wawili kumpandisha kwenye kigari cha gofu.

Tena alikimbilia baharini.

Sasa Playa Norte maji yake ni haba, unatembea weee, bado yako magotini. Shangazi alikuwa anatafuta kina cha kujificha na kina hakipatikani. Dera limejaa upepo, yeye anazidi kwenda, na kila akitazama chini anaiona miguu yake waziwazi, kucha zinang'aa. Mwishowe akakata tamaa, akaketi papo hapo majini. Watalii wakapiga makofi.

"Mama, usiogope, ni kanyama tu!" rafiki yetu wa Bukavu alipiga kelele. Alikuwa amesimama juu ya kiti.

Mume wangu, na samaki wake kifuani, akanyakua mwavuli kwenda kulipiza kisasi. Mhudumu akaja mbio akitikisa kidole: hapana, wanyama hawa wanalindwa na sheria. Akarusha kipande cha papai pembeni, na iguana akakifuata bila haraka, kama mteja aliyebadilishiwa sahani.

Tulipokikagua kidole tukakuta vialama viwili vitatu, damu hakuna. Tukakiosha kwa sabuni na dawa.

"Yeye ana sheria," Shangazi alisema huku maji yakimchuruzika. "Na mimi je?"

Saa tatu usiku, ambayo Msambweni ni saa kumi na moja alfajiri, alimpigia dada yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka kuswali. Nikamshikia simu. Kenge alikuwa ameshapandishwa cheo kuwa mamba, urefu wake mashua, na wazungu wote walikuwa wametoroka wakamwachia yeye peke yake. Nikafungua mdomo kusahihisha. Akanikata jicho, nikaufunga.

"Yarabi! Na mguu je?" dada akauliza.

"Mguu nilimnyang'anya."