Kilima cha rangi Niland kimenifanya niwaze nyumbani

Jamani hatimaye nimefika Salvation Mountain, kule Niland, California, karibu na ziwa la Salton, jua la jangwani linachoma utosi na hakuna aliyenidai kiingilio wala kuniuliza napiga picha za nini. Nimezunguka weee. Kilima kizima cha udongo na majani makavu kimepakwa rangi, maua, mito, maandiko ya Biblia, msalaba juu na maneno Mungu ni Upendo kwa herufi kubwa. Yote kaanzisha mzee mmoja, Leonard Knight, alikuwa analala kwenye lori lake bila umeme bila maji, kaanza 1984, 1989 kile cha kwanza cha simenti na mchanga kikaporomoka, akaanza upya na udongo.

Sasa sikieni. Kiwanja hakikuwa chake. 1994 kaunti wakapima udongo wakasema rangi zimejaza madini ya risasi, kivunjwe. Watu wakakusanya saini, udongo ukapimwa tena maabara ya San Diego ukakutwa hauna shida, kilima kikabaki. 2002 seneta Barbara Boxer akakiingiza kwenye kumbukumbu za Bunge lao kama hazina ya taifa. Kwetu mnajua ingekuwaje. Unaamka X nyekundu ishachorwa, kesho greda, na sisi majirani tumesimama tunarekodi na simu. Na kabla ya greda tungeshasema mzee karogwa.

Najua kuna mtu anasema huyu kakaa Marekani kidogo ashaanza kutudharau. Sidharau! Rangi ya makopo hiyohiyo ndo Edward Saidi Tingatinga alichorea vibao vyake Oysterbay, Dar es Salaam, kuanzia 1968, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani wanafukuza wezi, na leo picha za aina yake zimetundikwa mpaka Japani. Vipaji tunavyo, tena vya kuwazidi hawa, ndo maana roho inaniuma.

Mwingine atasema hospitali hazina dawa nani ana muda na vilima. Ndugu yangu, rangi mzee alikuwa analetewa na wapita njia, mtu kabakiza nusu kopo anapita anamwachia, hiyo inataka bajeti gani? Eti hata wao walitaka kuvunja. Ndiyo, serikali yao siitetei, na hapo jirani Slab City nimeona watu wanavyoishi hawana hata bomba. Mi nawasifu wale waliosaini. Mzee kafariki 2014 na mpaka leo watu wanaenda kuziba nyufa na kupaka.

Njia ya kwetu kuna mzee anafinyanga twiga na simba wa simenti mbele ya nyumba yake, watoto wanamrushia mawe na wakubwa wanacheka. Nimemtumia mdogo wangu hela ampelekee rangi ya mafuta, nyekundu na ya njano, na brashi mbili nzuri. Akikataa kupokea, dogo amwachie tu mlangoni, na watoto wale wazazi wao nawajua, nitawapigia mmoja mmoja.