Jina la binti mfalme na paa la Foxlease

Binti Mfalme Mary wa Uingereza alipoolewa, Februari 1922, wanawake walioitwa Mary kote katika himaya walichanga kumtunza wajina wao. Pauni 6,000 za mchango ule alizipeleka Foxlease, jumba la New Forest, kusini mwa Uingereza, ambalo chama cha Girl Guides, yaani maskauti wa kike, kilikuwa kimepewa bure lakini hakina uwezo wa kuliendesha. Wasichana wakapata mahali pa kupiga kambi.

Mary alikuwa rais wa chama tangu 1920 hadi alipofariki 1965. Kiti kikaenda kwa Margaret, binti wa kaka yake, naye akakikalia hadi kifo chake 2002. Kwa chama kinachofundisha wasichana kujitegemea, cheo cha kurithishana ndani ya ukoo mmoja kinatia mashaka, na sioni jibu la kuyaondoa.

Ila tukumbuke chama kilivyoanza. Mwaka 1909 wasichana walijitokeza wenyewe kwenye mkutano wa maskauti wavulana pale Crystal Palace, London, na wapo waliokereka kuona mabinti wakipiga kwata. Baba aliyesita kumruhusu mwanawe alale kwenye hema angebisha vipi, ikiwa binti wa mfalme mwenyewe yumo? Hapo jina lilifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya.

Huku kwetu Kenya jina hilohilo lilikuwa na uzito mwingine. Ahadi ya Girl Guides ilidai utii kwa Mungu na kwa mfalme. Kwa msichana wa Leeds, Uingereza, yalikuwa maneno ya desturi tu. Kwa msichana wa Kiambu, mfalme huyo ndiye ambaye sheria ya mwaka 1915 ilimfanya mwenye ardhi ya babu yake. Si ajabu kwamba baada ya uhuru mfalme aliondolewa kwenye ahadi, ikawekwa nchi. Waingereza wenyewe walipoirekebisha yao mwaka 2013, walimtoa Mungu wakambakiza malkia!

Mimi naupima ulezi wa namna hii kwa kilichobaki mkononi, na kwa kipimo hicho Mary anawashinda waliomfuata. Lakini hata zawadi yake haikudumu: mwaka 2023 chama kilitangaza kuuza vituo vyake vitano, Foxlease kikiwemo, kwa kuwa gharama zilikilemea. Rais wa kifalme alikuwepo tangu 2003: Sophie, mke wa Edward, mdogo wake Mfalme Charles. Safari hii hapakuwa na harusi.