Haiba ya mji haiko kwenye majengo ya kale pekee

Mjadala kuhusu haiba ya miji yetu, kila unapozuka, huishia kwenye majengo ya kale: lipi libomolewe, lipi liwekewe kibao cha kumbukumbu, lipi litengewe fedha za ukarabati. Siupuuzi mjadala huo. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliyoporomoka kule Unguja mnamo Desemba 2020, katika jengo lililojengwa mwaka 1883, ni hasara ambayo hakuna fundi atakayeifidia kikamilifu. Hata hivyo, ninaamini kwamba kinachoufanya mji uwe mji huo na si mwingine hakimo sana katika umri wa kuta zake, bali kipo pale ukuta unapokutana na njia, yaani kwenye baraza, kwenye kizingiti, kwenye fremu za maduka na katika kivuli cha upenu.

Kariakoo ya Dar es Salaam ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Eneo hilo, ambalo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, lilijaa baadaye nyumba za Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, korido inayopita katikati hadi uani, vyumba huku na huku, aghalabu kila chumba na mpangaji wake, na mbele ya yote hayo baraza ambapo jioni watu waliketi kucheza bao na kunywa kahawa chungu kwa kashata. Nyumba nyingi za aina hiyo zimekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa. Kwa kipimo cha wapenzi wa majengo ya kale, basi, Kariakoo ingekuwa imekwisha kufa.

Haijafa, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Mitaa yake bado imenyooka na kukatana kama ilivyopangwa zamani, viwanja vimebaki vidogo, na karibu kila jengo, hata liwe refu kiasi gani, limeifungulia njia safu ya fremu zisizo na geti wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Mpangaji wa ghorofa ya juu hawezi kufika kwake bila kupita kwenye marobota ya vitenge, wapiga debe, wachukuzi wa mikokoteni na mama lishe anayemjua kwa jina. Kazi iliyofanywa zamani na baraza sasa inafanywa na kizingiti cha duka. Tena watu wa huko wamekwisha kuigeuza mitaa kuwa utambulisho wao: shabiki wa Simba hujiita mwana Msimbazi, naye wa Yanga hujiita mtoto wa Jangwani, na vilabu hivyo, vya miaka ya 1930, vina umri mkubwa kuliko maghorofa mengi yanayovizunguka. (Kusema hivi si kuusifu ujenzi wa pupa, ghorofa lililoanguka Kariakoo mnamo Novemba 2024 na kuua watu lilionyesha gharama yake.)

Mji Mkongwe wa Unguja unakabiliwa na hatari ya upande wa pili. Huko majengo yanalindwa, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa kuwa dari zilibebwa na boriti za mikoko ambazo hazifiki mbali, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Nje ya mlango ilijengwa baraza ya mawe, ambapo mwenye nyumba aliweza kumkaribisha mgeni, akamkirimu na kuzungumza naye, bila kuwasumbua wa ndani. Baraza hiyo ilikuwa sehemu ya adabu ya mji. Nyumba inapogeuzwa kuwa hoteli, baraza hubaki na hupakwa chokaa vizuri, ila majirani waliokuwa wakiketi hapo wamehamia Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, au mbali zaidi. Huko ni kuhifadhi kaka la yai.

Kisha kuna vitongoji vipya vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako mtu hutembea kati ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu yake bila kuona dirisha hata moja linalotazama njia. Ninaielewa hofu ya wezi. Lakini kila mmoja akijifungia, njia hubaki haina mtu wa kuitazama, na mwizi hana wa kumwonea haya.

Ningependa halmashauri zetu, zinapotoa vibali vya ujenzi kwenye mitaa mikuu, ziulize kwanza kuhusu sakafu ya chini: je, inafungukia njia, ina upenu wa kumkinga mpita njia na jua, ina nafasi ya machinga iliyopangwa tangu mwanzo, au imegeuzwa yote kuwa maegesho ya magari? Wapo watakaosema kwamba masharti hayo yatamtia hasara mwenye kiwanja. Wakaulize Kariakoo, ambako wafanyabiashara hutoa kilemba kikubwa, yaani malipo ya kupewa nafasi mbali na kodi, ili tu waipate fremu ya chini inayotazama barabara.