Mwanafunzi wa utafiti akiumia, nani anajua?

Jamaa zangu walioko vyuoni Tanzania wakiniuliza maabara za Uingereza zikoje, wanataka habari za mashine. Mashine zipo, tena nyingi. Ila kwa ninavyoona, si hizo zinazotutofautisha. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu akimwagikiwa na tindikali saa mbili usiku, nani anatakiwa kujua, na atajuaje? Huku swali hilo lina jibu. Kwetu, mara nyingi jibu ni rafiki yake anayekaa naye chumba kimoja.

Hapa hushiki chupa kabla hujaandika. Zipo kanuni za mwaka 2002 za kudhibiti kemikali hatarishi, wenyewe huziita COSHH, na kwa ajili yake unaeleza kemikali gani, kiasi gani, inaweza kukufanya nini, utajikinga vipi, ikimwagika utafanya nini na mabaki yanakwenda wapi. Msimamizi anasaini. Usiku hukai maabara peke yako. Sitaki kuwapamba, maana karatasi nyingi watu wananakili ya mwaka jana na kubadili tarehe. Nimesoma tathmini ya vihatarishi iliyotumia kurasa nne kuonya juu ya maji ya moto, halafu kemikali yenyewe ikapewa mstari mmoja.

Wanachotuzidi wenzetu hawa ni kinachofuata baada ya ajali. Jirani yangu wa meza alirukiwa na tone la ethanoli jichoni. Akavutwa hadi kwenye bomba la kuoshea macho, kope zikashikiliwa wazi, maji yakamtiririkia robo saa nzima huku mwenzetu mmoja akitazama saa na kugombana naye kila alipotaka kuinuka. Akapelekwa kupimwa, na siku hiyo hiyo ajali ikaandikwa. Baadaye wakaja watu wa usalama wa chuo, wakauliza miwani ya kinga inakaa wapi. Ilikuwa ikikaa kwenye droo ya ndani kabisa, nyuma ya mizani. Ikahamishiwa mlangoni. Hakuna aliyemuuliza yule dada kwa nini ni mzembe.

Nyumbani swali la kwanza lingekuwa hilo. Katika maabara niliyosomea, kifaa kikivunjika mwanafunzi alilipa. Matokeo yake mtu akikatwa na bika iliyopasuka, anaanza kwa kuficha vipande. Kidonda kinafuata. Anafunga kitambaa, anavaa glavu juu yake, kazi inaendelea. Kitabu cha ajali kilikuwepo kwenye kabati la ofisi, kisafi kama kilivyotoka dukani, na mkaguzi angekifungua angeamini ile ni maabara salama kuliko zote duniani.

Tulichokuwa nacho ni fundi sanifu. Mzee yule hakuandika tathmini yoyote, lakini alikuwa akipita nyuma yako anakunyang'anya chupa mkononi kabla hujamimina maji ndani ya tindikali badala ya tindikali ndani ya maji. Nimekutana na madaktari wa falsafa huku wasio na jicho la aina hiyo. Shida ni kwamba akienda likizo, usalama wote unakwenda likizo naye.

Watu hupenda kusema wenzetu wana sheria. Na sisi tunazo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008. Ila fidia inamhusu mwajiriwa, na mwanafunzi wa utafiti si mwajiriwa, hata kama anaingia alfajiri na kutoka usiku. Uingereza nako wengi wa wanafunzi wa uzamivu hawana mkataba wa ajira. Marekani jambo hili lilionekana wazi baada ya ajali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Desemba 2008. Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23, alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayowaka ikigusana na hewa. Sindano ikafunguka, sweta likashika moto, na koti la maabara hakuwa amevaa. Alifariki siku 18 baadaye. Mwaka 2011 chuo na profesa wake wakafunguliwa mashtaka ya jinai, na sheria za kazi zilipata pa kushika kwa sababu alikuwa mwajiriwa. Angekuwa mwanafunzi tu, njia hiyo ingekuwa ngumu zaidi.

Sasa niwaseme na hawa wa huku, maana uungwana wao nao una mipaka. Niliporudi Tanzania kukusanya data, chuo kilinijazisha fomu ndefu ya safari. Hospitali ya karibu iko wapi? Nani utampigia kila jioni? Ukikaa kimya kwa saa ngapi ndipo atoe taarifa? Nilicheka nikijaza, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sikuwahi kuulizwa hata moja ya hayo nilipokwenda vijijini na madodoso nikiwa mwanafunzi wa kwetu. Bima yangu ilitosha hata kunisafirisha kwa ndege nikizidiwa. Lakini vijana waliokuwa wakihoji kaya pamoja nami, waliopanda bodaboda kutwa nzima kwenye vumbi la barabara ya kijiji, fomu haikuwa na mstari hata mmoja kwa ajili yao. Kofia ngumu ilikuwa moja, ya dereva. Nilipoandika barua pepe kuuliza, nikajibiwa kwamba wao si wanafunzi wa chuo.

Kwa hiyo siombi tuige fomu za Uingereza zilivyo. Fomu zetu za maadili ya utafiti tayari zinamhoji mtafiti kwa kirefu jinsi atakavyomlinda mhojiwa, na ni vizuri. Iongezwe karatasi moja kuhusu timu yenyewe: nani anakwenda wapi, kwa usafiri gani, anampigia nani jioni, akivunjika mguu hospitali inalipwa kutoka fungu gani. Fungu hilo liwemo kwenye bajeti ya mradi kabla haijapitishwa, likae pamoja na posho na mafuta ya gari.

Na vyuo vifute malipo ya kifaa kilichovunjika pale mwanafunzi anapotoa taarifa siku hiyo hiyo. Rafiki yangu anayefundisha huko anasema wanafunzi watavunja ovyo. Nimemjibu aangalie kitabu chake cha ajali ana kurasa ngapi zilizoandikwa, kisha ahesabu bika zilizopotea stoo mwaka huu bila maelezo.