Karani wa mwaloni, kati ya tajiri na rafiki

Aliyewahi kushinda mwalo wa Kibirizi, pale boti za uvuvi zinapotia nanga hapa Kigoma, hahitaji kuchorewa kisa hiki. Alfajiri boti za dagaa zinarudi, akina mama wameshajipanga na mabeseni, karani wa tajiri mwenye boti yuko na daftari lake anahesabu. Anajua kwamba nahodha, rafiki yake waliyekua naye Ujiji, ameuza mabeseni kadhaa hukohuko ziwani. Tajiri hajui. Karani aseme?

Wanaosema anyamaze wana hoja nzito. Mke wa karani alipolazwa, aliyetoa pesa ni nahodha. Tajiri hata masharti ya kazi hajamwandikia, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka afanye hivyo. Na mwaka 2024, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hakuuliza mtu wake anakula nini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hapa hakuna ubishi ni nani.

Hoja ya upande wa pili tumeizoea: unakula kwake, usimwibie. Kusema kweli hainitikisi sana. Inayonitikisa ni ya mgawo. Boti nyingi hazina mshahara wa mwezi. Mafuta na gharama hutolewa kwanza, kinachobaki wanagawana mwenye boti na wavuvi. Beseni lililouzwa gizani limekatwa pia kwa vijana waliovuta wavu usiku kucha. Wala kesho hailipi pengo kirahisi, maana mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa na boti hulala. Tunaposema "tajiri au rafiki", hao vijana tumewasahau kabisa.

Labda nao wana chao kwenye mauzo hayo. Hilo hutokea, hasa mgawo ukiwa wa kunyonya, na basi ugomvi wenyewe ni wa mgawo. Uzungumzwe mchana, mbele ya tajiri. Ila nahodha akiwa anakula peke yake, sioni cha kumtetea.

Kuna mpaka mwingine ambao watu huuruka. Kutosema ni jambo moja, kuandika uongo ni jingine. Karani asiyeenda kumchongea mwenzake bado ana pa kusimama. Akiulizwa na tajiri uso kwa uso akakana, au akijaza daftari kwa hesabu anayojua si ya kweli, ameshaingia kwenye wizi wenyewe.

Mimi ningemfuata nahodha kwanza, kabla ya giza lijalo, nimwambie: acha, nikiulizwa sitakuficha. Mtu atasema huko ni kumpa mwizi nafasi ya kujipanga. Ni kweli, na tajiri anaweza kupoteza mabeseni mengine kwa ajili ya subira hiyo. Gharama hiyo naikubali. Urafiki wa miaka mingi unastahili onyo moja. Mawili, hapana.

Nahodha akijibu "wewe andika tu, ndugu yangu", karani apime anachoombwa. Wizi ni sababu ya kufukuzwa kazi, na mwenye daftari la uongo hufukuzwa pamoja na mwizi. Nahodha anayejua ziwa atapata boti nyingine. Karani aliyechafua hesabu, matajiri wanaambiana, na hakuna atakayemkabidhi daftari tena.