Uji wa mwezi wa nne

Mama anayejifungua Tanzania siku hizi husikia "miezi sita" ya maziwa ya mama pekee kabla hata kitovu cha mwanawe hakijakauka. Huisikia kliniki akiwa mjamzito, huisikia tena wodini, na kila anapompeleka mtoto kupima uzito. Kisha mtoto anafikisha miezi minne, anaanza kulia usiku na kukodolea macho sahani za watu, na bibi yake anauliza: "Huyu mnamshindisha njaa mpaka lini?"

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 60. Hesabu hiyo inawachanganya wote, hata aliyezaliwa juzi. Ukiwatazama wa miezi minne na mitano peke yao, kiwango kinaporomoka. Uji wa mwezi wa nne, basi, ni jambo la kawaida ambalo kliniki halisemwi, kwa sababu anayelisema hugombezwa.

Wanaoanza mapema wana hoja, na hoja zao si za kijinga. Kwanza, kanuni ya miezi sita kamili ni changa. Hadi 2001 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema kati ya miezi minne na sita. Bibi aliyelea watoto wake miaka ya themanini na kuwapa uji mwezi wa nne hakuwa anakaidi wataalamu. Hakuwa mbali na ushauri wa wakati wake. Naamini wahudumu wa afya wangepunguza ugomvi mwingi majumbani kama wangemwambia hivyo waziwazi, badala ya kumfanya aonekane aliwalea wanawe kwa bahati tu.

Pili, madaktari wa watoto wa Ulaya wenyewe hawajafunga mlango. Mwongozo wa 2017 wa chama chao cha magonjwa ya tumbo na lishe ya watoto unasema chakula kisianze kabla ya miezi minne kutimia, wala kisicheleweshwe kupita miezi sita. Hapo ndipo zinapotoka zile klipu za simu za mama wa London akimlisha mwanawe wa miezi minne na nusu karoti ya kusaga. Nyuma yake kuna utafiti wa mzio. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya watoto wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, walioanzishiwa karanga kati ya miezi minne na kumi na moja. Walipofika miaka mitano, waliokuwa na mzio wa karanga miongoni mwao walikuwa asilimia 3.2 tu, dhidi ya 17.2 ya wenzao waliokatazwa kabisa. Matokeo hayo yalibadilisha ushauri katika nchi nyingi tajiri.

Tatu, madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, nayo huanza kupungua kuelekea mwezi wa sita, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, hata kama kinafyonzwa vizuri. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo akiba yake huisha mapema zaidi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Lakini itazame vizuri: dawa yake ni matone ya chuma yanayotolewa kwa ushauri wa daktari. Uji mwepesi wa sembe hauna chuma cha kumsaidia mtoto huyo, na huo ndio ambao watoto wengi wa miezi minne hupewa kwetu.

Upande wa pili zipo tafiti za Honduras na Belarusi. Honduras, miaka ya tisini mwanzoni, watafiti waliwagawa watoto: wengine wakaendelea na maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, wengine wakaongezewa chakula kuanzia miezi minne. Chakula chenyewe kilitoka kwa watafiti, safi na salama. Watoto waliopewa walinyonya kidogo zaidi, na hawakukua kuliko wenzao. Chakula hakikuongezeka juu ya maziwa. Kilikaa mahali pa maziwa. Belarusi, matokeo yaliyotolewa 2003 yalionyesha kwamba waliofikisha miezi sita bila kitu kingine waliugua maambukizi ya tumbo na kuhara kwa nadra zaidi kuliko walionyonya maziwa pekee kwa miezi mitatu tu, na ukuaji wao haukuathirika. Sasa linganisha maji ya bomba ya Belarusi na maji ya ndoo ya Tandale au Kibera. Kama faida ilionekana kule, hapa kwetu haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo.

Ndiyo maana nasimama na miezi sita kwa mtoto wa kawaida aliyezaliwa kwa wakati katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Si kwamba siku ya 180 ina miujiza. Mtoto wa London anayeanza mapema analishwa chakula kilichotoka kwenye friji, kwa kijiko kilichooshwa kwa maji ya moto, na akiharisha, daktari hayuko mbali. Ushauri ule ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba ile. Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI sababu ni nzito zaidi: tafiti zilizofanyika kabla dawa hazijaenea zilionyesha kuwa kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo kuliongeza uwezekano wa kumwambukiza mtoto kuliko kunyonyesha pekee.

Na kile kilio cha usiku? Mtoto akikua kwa kasi hudai ziwa mara nyingi, na jinsi anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Mama anadhani yamekauka. Anampa uji, mtoto anashiba, ananyonya kidogo, maziwa yanapungua kweli, na hofu ya mwanzo inapata ushahidi iliyoutengeneza yenyewe. Kuhusu usingizi, watafiti wa Uingereza waliufuatilia kwa watoto walioanzishiwa chakula tangu miezi mitatu: tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, waliwazidi wenzao usingizi kwa dakika 16 na kidogo tu kwa usiku. Kukodolea kijiko macho nako si dalili ya kutosha. Hata simu na rimoti anazikodolea. Dalili za kuaminika ni shingo iliyokaza, kuweza kukaa akiegemezwa, na ulimi ambao hausukumi tena nje kila kinachoingia mdomoni.

Hata hivyo mjadala huu wote unadhani kwamba mama ndiye anayeamua. Kwa aliyeajiriwa, mara nyingi imeamuliwa na kalenda ya likizo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu. Akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, mtoto anaachwa akiwa na miezi miwili. Sheria ya Tanzania inampa pia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini saa mbili ni za nani, kama ofisi iko Posta na mtoto yuko Mbagala na dada wa kazi? Kinachobaki ni kukamua, na kwa joto la Dar es Salaam maziwa yaliyokamuliwa hayakai nje ya friji zaidi ya saa chache. Muuza mboga anayembeba mwanawe mgongoni hadi gengeni hana likizo yoyote, ila mtoto yuko naye, na huenda akanyonyesha kwa muda mrefu kuliko karani wa benki. Serikali zinazodai miezi sita kutoka kwa mama huku zikimpa mitatu zimemwachia yeye kutafuta hiyo mingine.

Kuna jambo jingine ambalo kelele za mwezi wa nne zimelifunika: ya baada ya mwezi wa sita. Anayeanza mapema hukaripiwa, lakini anayemfikisha mtoto miezi minane kwa ziwa na chai ya maziwa hakaripiwi na mtu, wakati yeye ndiye anayevuka mpaka ambao wataalamu wa pande zote mbili wamekubaliana. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi, na utafiti uleule wa 2022 ulikuta takriban nusu au zaidi ya watoto wao wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Sababu za udumavu ni nyingi, ila ghala likijaa mahindi, bakuli la mtoto nalo linaweza kujaa mahindi matupu.

Tumbo la mtoto wa miezi minane linapokea kama kikombe kimoja kwa mlo. Kikombe hicho kikijaa uji wa kunywa, ameshiba maji. Uji wake uwe mzito, wa kukaa kwenye kijiko. Ukiwa mzito mno hauliki, na hapo wataalamu wa lishe wa Tanzania walikuwa na jibu zuri tangu miaka ya themanini: kimea, unga wa ulezi au mtama uliooteshwa. Kijiko kimoja hulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Sijui tumekiachaje kiende zake, tukakimbilia "uji wa lishe" wa nafaka saba zilizosagwa pamoja. Mchanganyiko ule una sura ya utajiri, lakini nafaka juu ya nafaka ni wanga juu ya wanga, na vile vitu vilivyomo kwenye nafaka vinavyozuia mwili kufyonza chuma havipungui. Karanga na mahindi yaliyokaa vibaya huleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 na zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Nafaka moja au mbili zinatosha. Karanga zisagwe kando, zikiwa safi, ziongezwe wakati wa kupika.

Halafu yai. Wapo wanaoamini kuwa mtoto akila yai atachelewa kusema, na wapo wasomi wanaolikataza hadi mwaka mmoja kwa kuogopa mzio, ushauri ambao huko ulikotoka umeshaachwa. Yai lililoiva vizuri, dagaa waliosagwa, ini, maharage yaliyopondwa: vyote vinaingia kuanzia mwezi wa sita. Maini ya kuku yanaliwa na baba katika nyumba nyingi ambamo mtoto anakunywa uji mtupu.