Nilitaka kuona mashimo, sasa namulika maembe

Hivi nani alileta hii habari ya taa za ledi kwenye pikipiki? Sina ugomvi naye, nataka tu nimjue, tukae, tuongee.

Maana ile balbu ya zamani tulishazoeana. HS1 ya wati 35, ya njano, mpole, haimsumbui mtu. Tatizo lake lilikuwa moja, na hili wenye pikipiki ndogo wengi wanalijua, taa kubwa haichukui umeme kwenye betri inachukua moja kwa moja kwenye koili ya injini, kwa hiyo ukiwa kwenye foleni injini iko sailensa, yaani inanguruma polepole bila resi, na taa nayo inasinzia, ukipiga resi inaamka. Sasa tazama huo mpango ulivyo: ukitaka kuliona shimo vizuri sharti uvute mafuta, yaani ulifuate shimo mbio ndo ulione, na ukishaliona ushaingia.

Nikavumilia. Ila kijiweni wenzangu wote wakahamia ledi, na abiria wa siku hizi nao ni wajuzi hakuna mfano. Mama mmoja pale Kimara kaniangalia, kaiangalia taa, akasema, "Mwanangu, na katochi hako si tutalala mtaroni?" Akapanda ya jirani yangu. Jirani mwenyewe breki hana! Lakini taa anayo.

Haya, Kariakoo. Dukani naoneshwa boksi limeandikwa lumeni 20,000, lumeni ndo kipimo cha wingi wa mwanga. Elfu ishirini jamani. Balbu ya H4 ya gari, ile ya wati 60, kwa fulu ni kama 1,650 hivi, hii yangu ya zamani hata elfu haifiki, halafu kidude kinaingia mfuko wa shati ndo kitoe elfu ishirini kwa betri ya pikipiki? Nikamuuliza muuzaji. Akasema, "Braza, hiyo ni orijino." Orijino ya nini, hasemi. Na nyuma ina feni! Kweli kabisa, kafeni kadogo kanazunguka, eti ledi joto lake linabaki nyuma kwenye mkia sio mbele kwenye kioo, lazima ipozwe. Mimi nalala Dar es Salaam mwezi wa pili chumba hakina feni, balbu yangu ina feni.

Sasa kwa sababu ya hiyo feni balbu imekuwa ndefu, ule mpira wa kufunika nyuma haufungi. Fundi hakuwaza, kashika kisu, kakata. Namuuliza, "Na mvua je fundi?" Ananijibu, "Mvua inatoka juu bosi, hapa ni nyuma." Nikalipa. Leo hii ndani ya taa kuna maji, wamebaki samaki tu.

Tukawasha, inachezacheza. Injini ikiwa sailensa taa inapepesa mpaka kichwa kinauma. Fundi akaanza kunipa somo, umeme wa koili ni wa kwenda na kurudi, ledi inataka wa upande mmoja, kwa hiyo tuihamishie kwenye betri. Ulikuwa hulijui hilo kabla hujakata mpira wangu? Analijua tangu asubuhi, ila kuhamisha waya kuna hela yake peke yake.

Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia chombo akatikisa kichwa. "Bosi, mbele nyeupe halafu indiketa za njano hizi za kizamani? Unajiaibisha." Tukaweka ledi na kwenye indiketa. Zikaanza kuwaka mbio mbio, ta-ta-ta-ta, aliyekuwa nyuma yangu kapiga honi kuuliza kuna dharura gani. Kumbe flasha, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, imezoea mzigo wa balbu za wati kumi kumi, ikikuta ledi inayokula kawati kamoja inajua balbu imeungua, inapiga kelele. Ziko flasha za ledi, unabadilisha yameisha, lakini siku hiyo hakuwa nayo, akaniambia anafunga resista. Resista inafanya nini? "Inakula umeme." Sikilizeni vizuri hapo. Kanitoa balbu iliyokuwa inakula umeme, kanifungia kitu ambacho kazi yake duniani ni kula umeme, na kinachemka ukikigusa unatoa mkono. Akacheka, "Ndo teknolojia bosi."

Nilisoma mahali kwamba Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ile ledi ya bluu, maana hizi nyeupe nyingi kumbe ni ya bluu imepakwa dawa ya njano juu. Hongera zao. Wao taa waliitengeneza vizuri, aliyekuja kuichomeka kwenye kioo kilichopimiwa uzi wa halojeni, yaani zile balbu za zamani, ndo simuelewi. Kile kioo cha ndani ya taa, nyuma ya balbu, kinategemea mwanga utoke kwenye kauzi kembamba, mahali pale pale, ukihama kidogo tu kila kitu kinatawanyika. Ndo maana dimu yangu inampiga dereva wa mbele machoni na fulu inamulika maembe juu ya miti. Najua wenye miti yote iliyozaa njia nzima. Shimo liko pale pale, gizani, limetulia.

Na matusi! Kila gari linalokuja linanipiga fulu, nashusha dimu, wanazidi, hawaamini kama hiyo ndo dimu. Afande kanisimamisha, kajikinga uso na mkono: "Kijana, hii ni pikipiki au uwanja wa Mkapa?" Nikamwambia afande ni lumeni elfu ishirini, imeandikwa kwenye boksi. Hakufurahi.

Waliofurahi ni wacheza drafti wa pale nyumbani. Umeme ukikatika wanakuja kunigongea, "Kaka tusaidie dakika tano tu," na kwa sababu siku hizi taa inatumia betri basi hata injini haihitaji kuwaka, mimi napaki, wanacheza, nasinzia. Asubuhi nabonyeza stata inasema tik. Tik. Abiria ananisubiri, mimi napiga kiki mpaka kandambili inaruka upande wa pili wa mtaro, na wao wamekaa pale pale wanakunywa chai. Mmoja ananiita, "Kaka, leo jitahidi uiweke dimu, jana nimefungwa kwa sababu ya ile fulu yako."